Pasipoti Iliyoshonwa

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali inayoutibu: hakuweza kuona uzi unaning'inia akanyamaza. Kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya benki, hata msibani, macho yake yalitembea juu ya nguo za watu kama mchwa juu ya mbao. Majirani mpaka leo wanamkumbusha yale mazishi aliyomsogelea mfiwa kwa huzuni nzito, akamkumbatia, na mwenziwe alipodhani anafarijiwa, yeye akawa anamkatia kwa meno uzi uliochomoza kwenye kola ya koti. Mfiwa alilia zaidi. Fundi aliondoka pale roho yake imetulia.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa Bobini.

Bobini alikuwa mtoto wa dada yake, miaka mitano na miezi minane, na jina hilo halikuwa la cheti. Alilipata alipokuwa anatambaa, maana kama bobini yoyote duniani, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, alipotea pale tu alipohitajika, na ukimtafuta unamkuta chini ya cherehani amejiviringisha nyuzi. Baba yake aliyeyuka kama mvuke wa pasi kabla mimba haijatimiza miezi minne; kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pake palichorwa mstari mfupi, tena umenyooka vizuri. Mama yake, dada mkubwa wa Fundi, alienda ng'ambo mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na kuitika wanapomwita kwa majina ya watoto wao. Aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa na uzazi. Ukazaa wa pili, wa tatu na wa nne.

Kwa hiyo wakabaki wawili, mjomba na mpwa, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele cherehani, meza ya kukatia na dirisha la wateja. Nyuma kitanda, jiko na ndoo mbili. Wanawake wawili watatu waliwahi kuchungulia maisha ya Fundi kwa nia njema, wakaona kiti cha pembeni kimekaliwa na mtu mwenye mapengo mawili anayejibu maswali yasiyomhusu, wakaendelea na safari zao. Fundi hakuwalaumu. Alijifunza kusuka nywele kwa kutazama vichwa vya watu barabarani, na kwa mwaka mzima wa kwanza Bobini alitembea na mistari iliyopinda kama njia ya mlevi.

Kila Jumapili saa kumi dada alipiga simu ya picha. Fundi aliiegemeza simu kwenye kopo la chaki, Bobini akaketi mbele yake amepakwa mafuta, mikono juu ya magoti. Shikamoo mama. Nimekula. Nimeshiba. Ninasoma kwa bidii. Halafu akatazama mlango, kama mtu aliyekwisha kutoa ushahidi wake mahakamani, na dada akamwachia aende kucheza. Yakabaki mazungumzo ya wakubwa wawili juu ya hali ya hewa.

Ndipo ilipokuja barua ya kibali. Nchi ile ilikubali mtoto amfuate mama yake, kwa sharti moja: viza igongwe kwenye pasipoti ndani ya siku tisini tangu tarehe ya barua. Zikipita, kibali kimekufa na maombi yanaanza upya kutoka mwanzo wa foleni, na foleni ya kwanza ilikuwa imewala miaka miwili na miezi miwili. Hesabu ilikuwa nyepesi. Ama Bobini aende sasa, ama aende akiwa na miaka minane, akampe mama yake shikamoo ya kweli ya mgeni.

Fundi alilivalia njuga jambo hilo. Alinunua faili la plastiki, na kila karatasi iliyoingia humo alikwenda kuitolea nakala kwa Mama Kopi, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta moja yenye kikohozi, na ukuta mweupe wa kupigia picha za pasipoti. Kwa ajili ya picha hiyo Fundi alishona gauni siku tatu. Jeupe, kola ya duara, mishono ya ndani imefichwa hata darubini isingeifichua. Mama Kopi akamsimamisha mtoto ukutani, akapiga, akatazama. Gauni jeupe lilikuwa limezama lote ndani ya ukuta mweupe. Kwenye picha kilibaki kichwa peke yake, kinaelea, kama mwezi wenye mapengo.

Mama Kopi alicheka mpaka akaegemea mashine, ikatoa nakala tisa za kiwiko chake. Fundi aliuliza, kwa uchungu wa kweli, kama kosa lilikuwa la nguo au la ukuta. Mwishowe mtoto alipigwa picha katika sweta la kuazima, la buluu, lililofumwa na mashine ya kiwandani, na Fundi hakuisamehe picha ile.

Siku moja kabla ya miadi ya viza, mchana, alizipanga karatasi zote juu ya meza ya kukatia. Barua, cheti, picha, fomu, kadi ya chanjo, pasipoti. Akazikagua moja moja kama anavyokagua suti kabla ya mwenyewe kuichukua. Alipofungua pasipoti katikati, pale kurasa zinapokutana, akaona ncha ya uzi.

Ilikuwa fupi kama kope. Mtu mwingine asingeiona. Mtu mwingine angekuwa ameshafunga kijitabu akaenda kulala. Fundi aliivuta kidogo tu, kujaribu kama imeshika. Haikushika. Ikaja, ikaja na wenzake, na kabla hajasema lolote kurasa nne za katikati zikawa zimelegea kama jino la mtoto.

Angeweza kukimbilia kwa Mama Kopi akaomba ushauri, lakini Mama Kopi alikuwa amefunga kwenda kula, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Zaidi ya hayo, moyo wake haukukubali Bobini aende mbele ya watu wakubwa na kitu kilichofumuka. Alilinganisha rangi tatu za uzi dirishani mpaka akapata ileile. Akaupitisha kwenye mshumaa upate nta. Akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akafuata matundu yaleyale ya kiwandani, na pale tundu la zamani lilipochanika akatoboa jipya pembeni yake. Yalikuwa matatu tu. Akarudia mara mbili, akafunga fundo kwa ndani, akaibana chini ya pasi ya baridi. Alipomaliza alimwonyesha Bobini, naye akasema imekuwa nzuri kuliko jana. Fundi naye aliona hivyo.

Kesho yake waliketi kwenye viti vya chuma saa mbili nzima, wakitazama namba nyekundu ukutani, mpaka wakaitwa dirisha la nne. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Alimsalimia Bobini kwanza, kisha akamuuliza anakwenda kwa nani. Kwa mama. Je, anamjua mama yake? Bobini alifikiri kidogo, akajibu kwa haki kabisa kwamba mama ndiye anamjua yeye.

Afisa alitabasamu, akavuta pasipoti, akaifungua katikati. Tabasamu likasimama njiani. Akapitisha ukucha juu ya mshono. Akawasha taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, akaiinamisha, akageuza ukurasa mmoja, wa pili.

"Nani ameshona hapa?"

Maishani mwake Fundi alikuwa ameulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara lilifuatwa na sifa. Akanyoosha mgongo.

"Ni mimi, mama. Ilikuwa imefumuka. Nimefuata mishono yao ileile, ila hapa na hapa na hapa tundu lao lilikuwa limechanika, nikatoboa jingine. Hiyo haitafumuka tena."

Afisa alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeiosha simu kwa sabuni ili ing'ae. Kisha akamweleza, bila ukali, na huo upole ndio ulioumiza. Pasipoti iliyotolewa uzi ni pasipoti ambayo kurasa zake zingeweza kutolewa zikaingizwa nyingine. Mashine yao haijui fundi wala uzuri wa mshono. Inajua kitabu kilichochezewa na ambacho hakikuchezewa. Hiki kimechezewa. Yeye hawezi kukipokea. Watafute pasipoti mpya, na wakirudi nayo kabla kibali hakijaisha atawapa nafasi bila miadi. Akatazama barua. Siku arobaini na moja.

Nje, Fundi alimnunulia Bobini soda, naye akajinunulia yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya siku ya kazi. Wakakaa kwenye ngazi za jengo lile mpaka chupa zikaisha.

Jioni dada alipiga akiwa kwenye mapumziko, amesimama mahali penye mwangwi. Fundi alimweleza yote. Kisha akatia utani, kwamba angalau sasa wana pasipoti imara kuliko zote nchini. Dada hakucheka. Alisema taratibu, kila neno likiwa limepigiwa pasi:

"Mdogo wangu, umeshona miaka kumi na sita. Hujawahi kuharibu kitambaa cha mtu hata kimoja. Ukaona uanzie kwenye pasipoti ya mwanangu?"

Akakata. Fundi alibaki ameshika simu, na neno moja likimzunguka kichwani kama nzi. Mwanangu. Miaka yote minne walikuwa wakisema mtoto.

Jumapili simu haikulia. Bobini aliketi mbele ya kopo la chaki saa kumi, amepakwa mafuta, mikono juu ya magoti. Saa kumi na robo akainuka, akaenda kucheza. Hakuuliza kitu, na Fundi alitamani angeuliza. Siku zilizofuata alishona sana, akaongea kidogo. Wateja waliozoea kutaniwa walichukua nguo zao na kuondoka wakijitazama, wakidhani wamenenepa. Wakati mwingine alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama jirani aliyeambiwa kuwa ni mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sasa yeye nguo zote zilikuwa zake.

Idara ya pasipoti ilimpa fomu ya kitabu kilichoharibika. Sehemu kubwa ilikuwa rahisi. Chini kabisa kulikuwa na mistari minne mitupu: Eleza namna uharibifu ulivyotokea.

Alikwenda nayo kwa Mama Kopi, ambaye alikuwa ameshawajazia fomu hiyo watu wasio na idadi. Mama Kopi alisema hilo si la kuumiza kichwa. Wote huandika mvua. Achukue beseni, aitumbukize pasipoti ilale humo usiku mmoja, kurasa zivimbe na kushikana, aandike kwamba paa lilivuja. Kitabu kilicholowa hakina kesi, ni bahati mbaya, wiki mbili unapewa kingine. Kilichoshonwa ni mkono wa mtu, na mkono wa mtu huulizwa maswali.

"Maji hayana alama ya sindano, Fundi," alisema. "Acha kujifanya malaika, una mtoto wa kusafirisha."

Fundi alirudi kwake akajaza beseni. Akaishika pasipoti juu ya maji, wima, kama anayembatiza mtu. Ingekuwa vizuri kusema kwamba uaminifu ndio uliomzuia, na labda ulikuwemo. Lakini kwanza kabisa aliuona ule mshono, ulivyolala sawa, na mkono ukakataa kuuharibu. Akamwaga maji. Akaketi, akaandika: Niliona uzi umechomoza nikauvuta. Kurasa zikalegea. Nikazishona, maana mimi ni fundi. Sikujua kwamba hairuhusiwi. Mistari minne ikamtosha.

Aliyeipokea fomu alikuwa mzee mwenye sauti ya kuchoka na kalamu tatu mfukoni. Aliisoma mara mbili. Akataka aletewe uzi na sindano iliyotumika, na Fundi, aliyekuwa amevibeba, akavitoa pamoja na mshumaa. Mzee akavitia kwenye bahasha kama ushahidi wa mauaji. Kisha akauliza ni nani angefaidika kama mtoto huyu asingesafiri.

Fundi alijibu kwamba hakuna.

Mzee alimtazama Bobini, aliyekuwa amejifunga kiunoni futikamba ya kupimia nguo na kulala usingizi juu ya bega la mjomba wake, mate yakimlowesha shati. Akaandika kitu kirefu pembeni ya fomu. Alisema hataki kumtesa mtu, ila anahitaji barua ya mama mzazi, iliyosainiwa, inayosema kwamba ameambiwa kilichotokea na hana shaka na nia ya mlezi. Ikija barua, pasipoti mpya itatoka. Isipokuja, faili litakwenda kwa wapelelezi, na faili likienda huko hurudi lina mvi.

Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na tisa. Fundi alikaa na maneno hayo siku mbili nzima. Siku ya tatu asubuhi alituma ujumbe: Dada, naomba tuongee. Simu ikaita kabla hajaiweka chini.

Hakuzunguka. Alimwambia wanataka aandike kwamba hana shaka naye.

"Na kama ninayo?" dada akauliza.

Fundi alihamishia simu sikio la pili.

"Basi niambie mwenyewe. Hakuna mtu hapa, niko peke yangu. Ulikusudia?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelishona siku mbili, limepigwa pasi, limekunjwa, liko tayari kukabidhiwa: Dada, wallahi sikukusudia. Lakini dirishani alimwona Bobini amechuchumaa barabarani, anachora watu kwa kipande cha chaki ya kukatia, na jibu lile likamkwama.

"Mkono haukukusudia," alisema. "Uzi ulichomoza, nikauvuta, nikashona. Ningeshona hata kama ingekuwa pasipoti ya adui yangu. Lakini yule mama wa dirishani aliposema haiwezekani, nilifurahi, dada. Nilimnunulia soda. Tulikaa kwenye ngazi kama watu waliofaulu mtihani. Kwa hiyo sijui. Kama furaha ilikuwa imekaa pale inangoja, labda mkono uliijua kabla yangu."

Upande wa pili palisikika magurudumu ya kitoroli yakipita, yakafifia. Fundi alingoja kukatiwa simu.

"Barua ya kibali ilipokuja," dada alisema, "nilijifungia stoo ya mashuka. Wenzangu wakadhani nalia kwa furaha. Nilikuwa naogopa. Nina wazee kumi na mmoja, najua kila mmoja analalia ubavu gani, yupi anataka taa, yupi ukimfunika miguu anapiga kelele. Mwanangu simjui. Nikasema moyoni, hata kibali kikichelewa kidogo si vibaya. Ndiyo maana uliponiambia habari ya pasipoti nilikukasirikia vile. Nilikuwa nimepata mtu wa kumkasirikia."

Fundi alifungua mdomo amwambie Bobini analalia ubavu gani, lakini kengele ikalia huko kwa dada, mzee mmoja akaita jina ambalo si lake, na yeye akaitika, akaenda.

Barua ilifika kesho yake kwenye kompyuta yenye kikohozi. Mama Kopi aliichapisha, na kwa kuwa kwake hakuna barua ya siri, mashine lazima ijue inachapisha nini, aliisoma kwanza. Ilikuwa fupi, yenye saini chini. Ilisema mama ameelezwa yote. Ilisema mdogo wake ana kasoro moja, hawezi kuacha uzi, na kwamba mtoto amelelewa na mkono huohuo. Hana shaka nao. Mama Kopi aliikunja, akaitia kwenye bahasha mpya, akampa Fundi bila utani wowote, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kucheka kwake.

Mzee mwenye kalamu tatu alitimiza neno. Pasipoti mpya ilitoka zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Dirisha la nne nalo lilitimiza neno, na viza ikagongwa zikiwa zimebaki sita. Yule mama alimsukumizia Fundi kitabu kwa vidole viwili, akamwomba asikiguse. Fundi alikibeba mpaka nyumbani kama aliyebeba yai la mtu mwingine, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga na mfuko wa pili, na hakukifungua hata mara moja kutazama katikati.

Siku zile chache alishona. Hakupokea kazi ya mtu. Alishona magauni manne na suruali mbili, na kila pindo alilikunja mara tatu ndani, ili mtoto akirefuka pindo lifunguliwe: kunjo la miaka sita, la saba, la nane. Alipofika gauni la tatu ndipo alipokumbuka kwamba dada yake hajui kushika hata sindano. Akasimama kidogo. Halafu akaendelea kukunja.

Usiku wa mwisho walilala kama kawaida, asubuhi walikula kama kawaida. Bobini alikuwa na maswali mengi, yote juu ya ndege: kama ina choo, kama choo hicho kinadondokea watu. Fundi aliyajibu moja baada ya jingine kwa uwongo wa kitaalamu.

Aliyekuwa amsindikize mtoto ni mwenzake dada wa kazini, mama mnene mchangamfu aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Walikutana naye uwanja wa ndege adhuhuri, mbele ya mlango ambao mwenye tiketi hupita na asiye na tiketi hubaki. Karatasi zilikaguliwa. Pasipoti ilifunguliwa katikati na askari aliyekuwa akipiga miayo, ikafungwa. Fundi alipumua.

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, ameweka leso mbili mfukoni, moja ya kila mmoja. Bobini hakulia. Alimpa maagizo. Alisema mlango wa nyuma usisahauliwe wazi. Alisema Mama Kopi ana kalamu yake ya kijani. Kisha akamvuta kola ainame, akamwambia kwa sauti ya mtu mzima:

"Jumapili uvae shati zuri, mjomba. Mimi ndio nitakuwa napiga."

Akashika mkono wa yule mama, wakapita. Alikuwa anamuuliza habari ya choo. Mlango ulijifunga wenyewe, ukafunguka kwa wengine, ukajifunga tena, na kila ulipofunguka alimwona mdogo zaidi, mpaka ukafunguka akaona watu tu.

Alimpigia dada. Alimwambia amepita. Dada alisema ameshasafisha chumba mara tatu, amenunua kitanda, amenunua taa ndogo kwa kuwa hajui kama anataka taa. Alisema ndege itafika mtoto amelala; mwenzake amemwambia watoto wote hufika wamelala. Halafu sauti yake ikawa ya aibu, kama ya mwanafunzi mkubwa anayeuliza swali la darasa la kwanza.

"Mara ya mwisho nilimbeba alikuwa na mwaka na nusu. Sasa huyu mrefu, akiwa amelala, anabebwaje?"

Fundi aliibana simu kati ya sikio na bega ili mikono iwe huru, maana hakujua kueleza kitu bila mikono. Alimwambia mkono wa kushoto upite chini ya magoti. Wa kulia uzunguke mgongo, kiganja kikae hapa, chini ya kwapa, kisibane. Asimwinue kwa ghafla. Amvute kwanza kifuani, angoje apumue mara moja. Kichwa kitaangukia bega la kulia chenyewe. Asikigeuze, hata shingo ikionekana imepinda, ndivyo anavyopenda. Atalowesha nguo kwa mate, asijali. Atasema neno moja au mawili yasiyo na maana. Asimjibu, akimjibu ataamka.

Watu wenye mizigo walimkwepa wakapita kushoto na kulia. Mmoja aligeuka kumtazama mtu mzima aliyesimama katikati ya njia, amepinda mikono, amebeba hewa.

"Polepole," dada alisema. "Rudia hapo kwenye mkono wa kulia. Na mimi nimeinua yangu."

Fundi akarudia, na mikono hakuishusha.